Biashara ya Samaki Kasenga na Suala la Muungano wa Vyama vya Ushirika

Utangulizi

Mji wa Kasenga uko kwenye ukingo wa magharibi wa mto Luapula, takriban kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Ng'ambo ya mto ni Zambia, na upande wa kaskazini mto huo huingia katika ziwa Mweru. Kwa miongo mingi samaki waliovuliwa katika maji hayo waliwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga. Historia ya biashara hiyo huelezwa mara nyingi kama historia ya samaki na nyavu, au kama historia ya wafanyabiashara wa Kigiriki. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine. Yanauliza ni nani aliyewaunganisha watu walioifanya kazi hiyo, na muungano huo ulimnufaisha nani.

Swali hili lina uzito wake kwa sababu mijadala juu ya ushirika aghalabu huishia kwenye uanzishaji wa chama. Huhesabiwa vyama vilivyoandikishwa, wanachama waliolipa hisa na mikutano iliyofanyika. Lakini chama kimoja cha wavuvi, hata kikiwa na viongozi waaminifu, hakiwezi kufikisha samaki wabichi kwenye soko lililo umbali wa kilomita 200 ikiwa barafu, lori na duka la mjini vyote ni mali ya mtu mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba watu wa Kasenga hawakukosa moyo wa kushirikiana. Walichokosa ni kiungo kati ya kikundi na kikundi ambacho kingekuwa mali yao wenyewe.

Wenye maji

Kabla ya ukoloni, uvuvi wa Luapula na Mweru haukuwa kazi isiyo na utaratibu. Masimulizi ya bonde hilo yanamtaja mwanamke aitwaye Nachituti, dada yake Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa ziwa. Nkuba alipomwua mwana wa Nachituti, mama huyo aliomba msaada kwa Kazembe. Baada ya Nkuba kushindwa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Masimulizi hayo si hadithi ya kuburudisha tu. Yanaeleza haki. Mtawala alipokea nchi, lakini wenyeji wenye maji waliendelea kutambuliwa kuwa walinzi wa vidimbwi na mikono ya mto. Wao ndio waliohusika na matambiko ya uvuvi, na mvuvi aliyetumia maji yao aliwapa sehemu ya samaki wake. Utaratibu huo ulikuwa na upendeleo wake, wala haufai kuitwa ushirika kwa maana ya leo. Hata hivyo, uliwaunganisha wavuvi wa vijiji mbalimbali chini ya kanuni ambazo kila mmoja alizijua.

Posho ya migodini na mtandao wa jamaa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Migodi ilihitaji watu, na watu walihitaji chakula. Chakula walichogawiwa wafanyakazi kiliitwa posho, neno ambalo Kiswahili cha Katanga kililipokea kutoka lugha ya misafara. Samaki wa Luapula wakawa sehemu ya soko hilo jipya.

Wagiriki waliofika Kasenga, baadhi yao wakitoka katika visiwa vya Dodecanese, waliitambua nafasi hiyo. Hapo mwanzo walinunua samaki wakavu. Baadaye walileta mashua za injini, barafu na malori, wakaweza kuwafikisha samaki wabichi mjini. Wavuvi Waafrika wa kingo zote mbili za mto waliwauzia samaki, na wengi walipata nyavu na bidhaa za dukani kwa mkopo uliolipwa kwa samaki.

Yafaa kuchunguza nguvu ya wafanyabiashara hao ilitoka wapi. Wengi wao hawakufika wakiwa matajiri wakubwa. Walichokuwa nacho ni uhusiano. Ndugu alikaa Kasenga akinunua, jamaa mwingine alikuwa mjini akiuza, na aliyetangulia kufika alimdhamini aliyemfuata. Huo ulikuwa mtandao kamili wa biashara, uliojengwa juu ya ujamaa wa damu na wa kisiwa walikotoka. Mvuvi, kwa upande wake, aliingia sokoni akiwa peke yake. Alimkuta mnunuzi ambaye pia ndiye mkopeshaji wa wavu, mwenye barafu na mwenye lori. Samaki mbichi hangoji, na hilo lilimfanya mwenye barafu kuwa mwenye kauli ya mwisho juu ya bei.

Fundisho la mpumbu

Samaki aliyethaminiwa sana katika biashara hiyo alikuwa mpumbu, ambaye ni wa jamii moja na ningu wa ziwa Viktoria. Msimu wa mvua mpumbu alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na ndipo alipokuwa rahisi kunaswa. Kadiri nyavu zilivyoongezeka na soko lilivyopanuka, ndivyo samaki wengi zaidi walivyovuliwa kabla ya kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa amepungua vibaya, na uvuvi wake haukurudia tena wingi wa zamani.

Hapa ndipo ukosefu wa muungano ulipodhihirika kuwa ni zaidi ya suala la bei. Mto ulikuwa mpaka kati ya Kongo ya Kibelgiji na Rhodesia ya Kaskazini. Samaki aliyelala upande mmoja aliamkia upande wa pili, ilhali amri ya serikali ya ng'ambo moja haikumfunga mvuvi wa ng'ambo nyingine. Mvuvi aliyejizuia kutega wakati wa kutaga alimwachia jirani yake samaki wale wale. Mamlaka ya wenye maji yalikuwa yamedhoofishwa, na hapakuwapo chombo kingine cha wavuvi wa kingo zote mbili ambacho kingeweza kusema "tuache kwa msimu mmoja" na kusikilizwa. Ningu wa ziwa Viktoria naye alipungua kwa sababu zinazofanana na hizo, nyavu zilipotegwa kwenye midomo ya mito.

Ushirika kutoka juu

Serikali ya Kibelgiji ilitoa sheria juu ya vyama vya ushirika vya wenyeji mwaka 1949, kisha ikatoa nyingine mwaka 1956. Chini ya utaratibu wa kikoloni, vyama hivyo viliangaliwa kwa karibu na maofisa. Uandikishaji, hesabu na usimamizi vilipita mikononi mwao. Kwa hiyo uhusiano wa chama ulikuwa wa kupanda na kushuka, kati ya chama na ofisi. Uhusiano wa chama na chama jirani, ambao ndio ungeweza kuwapatia wazalishaji lori au ghala la pamoja, haukupewa uzito uo huo.

Ili kuona tofauti, inafaa kuuvuka mfano wa Katanga na kutazama Kanda ya Ziwa ya Tanganyika, karibu na Unyamwezi, alikotoka Msiri aliyetawala Bunkeya katika karne ya 19. Huko zao lilikuwa pamba, na kiungo kilichoshikwa na wengine kilikuwa mizani. Wakulima walilalamika kwamba walipunjwa na wanunuzi wakati wa kupima. Kabla ya kuwa na chama chochote chenye hati, baadhi yao waliweka wapimaji wao ili kuhakiki uzito wa pamba kabla haijauzwa. Kutokana na jambo hilo dogo vikundi vikaanza kuungana. Paul Bomani, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harakati hizo, alikwenda Uganda mwaka 1950 kujifunza habari za ushirika. Vyama vya kwanza viliandikishwa mwaka 1953, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria.

Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu: vyama vya msingi vijijini, vyama vikuu vya maeneo, na Shirikisho lenyewe. Kila ngazi ilifanya kazi ambayo ngazi ya chini isingeiweza. Kijiji kilipima na kukusanya, na Shirikisho likajadiliana bei na kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Kufikia uhuru mwaka 1961, pamba karibu yote ya eneo hilo ilipita katika vyombo vya wakulima.

Hata hivyo mfano huu hauna budi kusomwa hadi mwisho. Tume ya Rais iliyochunguza ushirika Tanzania mwaka 1966 ilikuta usimamizi mbaya, ubadhirifu, na wanachama wasiojua mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu nchini kote, na sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Kiungo kilichokuwa kimetwaliwa kutoka kwa mnunuzi kiliponyoka tena mikononi mwa mkulima, kwanza kwa watendaji, kisha kwa dola.

Baada ya uhuru: chisense na likelemba

Kasenga nako mambo yalibadilika. Uhuru wa Kongo mwaka 1960 na kujitenga kwa Katanga hadi mwaka 1963 vilivuruga biashara. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua za kuhamishia biashara za wageni mikononi mwa raia wa Zaire. Mali zilibadili wenyewe, lakini mtandao haukugawiwa kwa tangazo. Aliyepewa duka hakupewa pamoja nalo uaminifu wa mkopeshaji, fundi wa mashua wala mnunuzi wa mjini. Wavuvi, ambao walikuwa na ujuzi wa kazi, hawakuwa ndio warithi.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 na 1980 chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, walizidi kupata umuhimu. Huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Hawahitaji barafu, wala hawahitaji mtaji mkubwa, na kwa sababu hiyo wanawake waliweza kuingia kwa wingi katika biashara yao. Wakongo wanao pia utaratibu wa likelemba, ambapo wanachama huchanga fedha na kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu. Hiyo ni shule ya uaminifu isiyohitaji mhuri. Kasoro yake ni kwamba duara la likelemba hujifunga lenyewe: kila mmoja akiisha kupokea, hakuna akiba ya pamoja inayobaki kununulia lori.

Sheria ya leo imefungua mlango. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inaruhusu watu watano kuanzisha chama cha kawaida. Vyama viwili au zaidi vyaweza kuunda muungano, na miungano kuunda shirikisho. Sheria hiyo inatambua pia mitandao ya vyama. Inalingana na kanuni iliyokubaliwa na vyama vya ushirika vya dunia katika mkutano wa Vienna mwaka 1966, kwamba vyama vya ushirika vishirikiane vyenyewe kwa vyenyewe.

Hitimisho

Methali husema kidole kimoja hakivunji chawa. Historia ya Kasenga yaongeza kwamba vidole vingi navyo havivunji, ikiwa kila kimoja kiko katika mkono wake. Wagiriki waliunganishwa na ujamaa, wakulima wa pamba waliunganishwa na mizani, na wavuvi wa Luapula waliunganishwa na yule aliyewanunulia samaki. Katika hali zote tatu, mwenye kiungo ndiye aliyekuwa na sauti juu ya bei.

Kwa hiyo, anayetaka kujenga muungano wa vyama katika bonde la Luapula hana budi kuanza na mahitaji ambayo kila kikundi kinayaona lakini hakiyawezi peke yake: usafiri, ghala, na makubaliano ya msimu wa kuacha kuvua yatakayoheshimiwa katika kingo zote mbili za mto. Mwanza inafundisha kwamba muungano waweza kujengwa kutoka chini. Inafundisha vilevile kwamba hesabu zake zisiposomwa kijijini, wenyewe watakuja kuusikia ukivunjwa kama wanavyosikia habari za mbali.