Hundi, Cheki na Namba ya Kampuni: Historia ya Muundo wa Malipo ya Wafanyabiashara Afrika Mashariki

Malipo baina ya wafanyabiashara, yaani fedha zinazotoka kwa mwenye duka kwenda kwa msambazaji wake au kwa mwagizaji kwenda kwa kampuni iliyomuuzia bidhaa, hutofautiana na malipo ya mnunuzi wa kawaida kwa jambo moja la msingi: anayelipa, anayepokea na anayeandika vitabuni mara nyingi ni watu watatu, ambao huenda wasionane kamwe. Kwa sababu hiyo chombo chochote cha malipo ya namna hii, kiwe karatasi au skrini ya simu, hulazimika kujibu maswali matatu: nani amelipa, amelipia deni lipi, na fedha zimefika au hazijafika. Taaluma inayoitwa leo usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, ambayo ni kazi ya kupanga hatua, maneno na alama anazokutana nazo mtu anapotumia chombo ili akitumie bila kukosea na bila kuhitaji mwalimu, ilipata jina lake katika zama za kompyuta, lakini kazi yenyewe ilikuwa ikifanywa na makarani wa pwani ya Afrika Mashariki kabla ya hapo. Historia yao inaonyesha kwamba kila chombo kipya kilienea pale kilipojibu vizuri zaidi mojawapo ya maswali hayo, na kwamba mara nyingi kiliacha nyuma jibu ambalo chombo kilichotangulia kilikuwa nalo.

Zanzibar ya karne ya 19, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake huko kutoka Maskati, ilikuwa soko la mikopo kabla ya kuwa soko la fedha taslimu. Pembe za ndovu na karafuu zilisafirishwa kwenda Bombay, Ulaya na Salem huko Marekani, na kutoka Salem ilikuja merikani, kitambaa cha pamba kilichotumika bara kama fedha. Wafanyabiashara wenye asili ya Kachchh na Gujarat, ambao nyumba maarufu miongoni mwao ilikuwa ya Jairam Shivji iliyokodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha, waliwakopesha bidhaa wenye misafara, na Tharia Topan alijulikana kwa kumkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Fedha taslimu iliyoaminika ilikuwa reale yenye sura ya Maria Theresa, ambayo iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa kuwa watumiaji wake hawakutaka ibadilike. Huko Arabuni na Ethiopia, walioipokea walikagua hata lulu za taji na za pini ya begani, wakaikataa iliyopungukiwa. Sarafu hiyo ilithibitisha thamani yake yenyewe, ila haikuweza kusema imetoka kwa nani wala ni ya deni gani, na kuisafirisha kwa magunia kulikuwa hatari na gharama.

Maswali hayo yalijibiwa na hundi ya Kihindi, ambayo isichanganywe na hundi ya benki itakayoitwa hapa cheki. Hundi hiyo ilikuwa barua fupi, iliyoandikwa aghalabu kwa Kigujarati, ambamo mfanyabiashara wa mji mmoja alimwagiza mshirika wake wa mji mwingine amlipe mtu fulani kiasi fulani. Muundo wake ulikuwa wa kudumu: salamu, jina la anayeagizwa, jina la mwandishi na mji wake, kiasi, jina la mlipwaji, na muda wa kulipa. Hundi ya darshani ililipwa ilipoonyeshwa tu, na ya muddati ililipwa baada ya siku zilizotajwa. Iliyoitwa shahjog ililipwa kwa mfanyabiashara mwenye heshima sokoni peke yake, hivi kwamba mwizi aliyeiokota hakuwa na pa kuipeleka pasipo kumpata mtu anayejulikana akubali kuweka jina lake hatarini.

Sehemu iliyosanifiwa kwa uangalifu zaidi ilikuwa ya kiasi. Haikutosha kuandika rupia 1,000. Mwandishi aliongeza kuwa nusu yake ni rupia 500 na kwamba mara mbili ya nusu hiyo ilipwe kamili. Aliyetaka kuongeza sifuri alilazimika kughushi mahali kadhaa kwa mwandiko mmoja, na karani aliyeisoma kwa haraka alipata nafasi ya pili ya kugundua kosa. Hundi ikipotea, mwandishi alitoa nakala ya pili iitwayo peth iliyoeleza kuwa ya kwanza isilipwe, na peth ikipotea ilitolewa parpeth. Baada ya kulipwa, karatasi iligeuka khokha, yaani hundi iliyokwisha kazi, ikahifadhiwa kama stakabadhi. Kwa hiyo maagizo ya malipo, kinga dhidi ya kosa na ushahidi wa vitabuni vilikaa katika ukurasa mmoja. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilimtumikia yule tu aliyejua maandishi yale na aliyejulikana katika mtandao ule wa jamaa na washirika.

Cheki iliingia pwani pamoja na benki za kikoloni, miongoni mwake National Bank of India iliyofungua matawi Zanzibar na Mombasa katika miaka ya 1890, na ilibeba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo. Sheria hiyo iliweka kanuni ambayo kila mhasibu anaifahamu hadi leo, kwamba kiasi cha maneno kikitofautiana na kiasi cha tarakimu, cha maneno ndicho kinachofuatwa, na katika hilo cheki ilifanana na hundi ya Kihindi iliyotaja kiasi kwa njia zaidi ya moja. Mistari miwili sambamba iliyochorwa juu ya cheki ilimaanisha kwamba fedha zitaingia kwenye akaunti ya benki na hazitalipwa mkononi dirishani. Kwa kampuni, faida kubwa ilikuwa nafasi ya sahihi mbili: mmoja aliandika, wa pili alisoma na kutia sahihi, na benki ilikataa cheki yenye sahihi moja pale makubaliano yalipotaka mbili. Mgawanyo wa madaraka ndani ya kampuni ulikuwa umechapwa kwenye karatasi yenyewe. Hata hivyo, cheki haikueleza inalipia ankara ipi isipoambatana na barua, na mpokeaji alisubiri siku kadhaa kabla ya kujua kama ina fedha au itarudishwa.

Swali la kufika lilijibiwa na mifumo ya benki kuu, ambayo huhamisha malipo moja moja, papo hapo, bila kusubiri mafungu ya mwisho wa siku. Tanzania ilianzisha TISS mwaka 2004 na Kenya ikaanzisha KEPSS mwaka 2005, na kuanzia 2009 malipo makubwa nchini Kenya, yanayozidi shilingi milioni moja, yaliondolewa kwenye cheki na kuelekezwa huko. Fedha zilifika siku ileile, lakini maelezo yake yalifika yakiwa yamekatwa. Ujumbe wa kibenki wa SWIFT uliotumika sana kwa kazi hii, uitwao MT103, ulitenga kwa maelezo ya mlipaji mistari minne yenye herufi 35 kila mmoja, jumla 140, kikomo kinachotokana na mazoea ya zama za teleksi. Msambazaji aliyelipwa kwa mkupuo mmoja ankara kumi na tano, huku mbili zikiwa zimepunguzwa kwa ajili ya bidhaa zilizorudishwa, alipokea jumla iliyo sahihi na mstari usioeleweka, kisha karani wake akapiga simu kuuliza. Kiwango kipya cha ujumbe, ISO 20022, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, kilibuniwa kwa kiasi kikubwa ili kubeba maelezo hayo yakiwa yamepangwa kwa vipengele.

Mageuzi makubwa zaidi yalitoka mahali ambapo hayakutarajiwa. Jaribio la M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, lililoanza Kenya Oktoba 2005, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na kampuni ya simu ya Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, lilikusudiwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliolisimamia waliona watu wakiitumia huduma kwa mambo ambayo hawakufundishwa, na mojawapo lilikuwa wafanyabiashara kulipana wao kwa wao, huku wengine wakiweka humo mauzo ya jioni kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Jaribio hilohilo lilionyesha pia tatizo la kale: kulinganisha miamala ya simu na vitabu vya taasisi kulikuwa kugumu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ililenga kutumiana fedha baina ya watu, na biashara zikaja kuingizwa baadaye.

Njia iliyotumika kuziingiza, Paybill nchini Kenya na malipo kwa namba ya kampuni nchini Tanzania, inastahili kutazamwa hatua kwa hatua. Menyu ya Kitanzania humwambia mlipaji aweke namba ya kampuni, kisha namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha kiasi, kisha namba ya siri, na mwisho athibitishe. Hatua ya pili ndiyo iliyoitofautisha na kumtumia mtu fedha, kwa sababu humlazimisha mlipaji kutaja deni kabla ya kutaja fedha. Muamala ukikamilika, pande zote mbili hupata taarifa yenye msimbo mmoja wa herufi na tarakimu kumi, ambao mwenye duka humwonyesha dereva wa gari la mzigo, naye dereva hulinganisha na ofisi kabla ya kushusha bidhaa. Kazi ya khokha ikawa imerudi ikiwa ndani ya ujumbe mfupi wa simu.

Kasoro iliyobaki ilikuwa vidole vya mlipaji, kwani aliyekosea tarakimu moja ya kumbukumbu alipeleka fedha sahihi kwenye deni lisilo lake. Marekebisho yalifuata mkondo mmoja wa kumpunguzia mlipaji cha kuandika. Mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, huipa kila ankara namba yake ya udhibiti, hivyo anayelipia mzigo bandarini huandika namba hiyo na mfumo hujua ni ya nani na ya nini. Mwaka huohuo Safaricom ilifungua Daraja, mlango unaoruhusu programu za kampuni kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja, na msambazaji akaweza kupeleka ombi la malipo kwenye simu ya mteja likiwa na kiasi na kumbukumbu tayari, mteja akabakiwa na kazi ya kuweka namba ya siri.

Hata hivyo, simu ilichukua kitu ambacho cheki ilikuwa nacho. Namba ya siri ni ya mtu mmoja, wakati kampuni ni ya watu kadhaa, na biashara nyingi zilizokua kutoka duka dogo zilijikuta mhasibu, mweka hazina na mwenye mali wakitegemea simu moja iliyofungiwa mezani. Mabenki na kampuni za simu zimelazimika kurudisha kwenye skrini majukumu mawili, la mwandaaji anayejaza malipo na la mwidhinishaji anayeyaachilia, pamoja na viwango vya fedha ambavyo kila mmoja anaruhusiwa. Huo ni muundo uleule wa sahihi mbili, uliochelewa kufika kwa sababu wasanifu wa mwanzo walimfikiria mtu mmoja na simu yake.

Historia hii inatoa kipimo cha kuhukumu mifumo inayokuja. Wepesi wa kulipa, ambao ndio unaotangazwa zaidi, ni nusu ya kazi, kwa kuwa gharama kubwa ya malipo ya wafanyabiashara hujificha upande wa pili, kwa karani anayetafuta mlipaji na deni lake. Leo ankara yenyewe imekuwa ya kielektroniki, kupitia mashine za risiti za EFD zilizoanza Tanzania mwaka 2010 na mfumo wa ankara wa eTIMS ulioanza Kenya katika miaka ya karibuni, lakini iliundwa kwa ajili ya mkusanya kodi, na kwa sehemu kubwa inasafiri njia yake huku fedha zikisafiri njia nyingine. Mfumo utakaoziunganisha mbili hizo, huku ukilinda mgawanyo wa madaraka ndani ya kampuni, ndio utakaokuwa wa kwanza kumpa kila mfanyabiashara, awe na ukoo sokoni au asiwe nao, majibu yote matatu mahali pamoja.