Mwalimu wa watoto wasiosikia: kazi inayosomewa

KILWA – Familia inapokimbia vita, mtoto asiyesikia anakimbia pamoja na wenzake. Lakini siku ya kuandikisha watoto kwenye shule, mara nyingi yeye anabaki nyumbani kulinda vyombo. Wazazi wanasema: mwalimu hatamuweza.

Neno hilo si la uongo kabisa. Mwalimu aliyezoea kufundisha kwa kuongea hawezi kumfikia mtoto asiyesikia sauti yake. Lakini kosa si la mtoto. Kufundisha mtoto wa namna hiyo ni kazi inayosomewa, na kazi hiyo ina historia yake hapa Afrika.

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 Alabama, Marekani, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11 yeye na ndugu yake waliugua homa ya uti wa mgongo, wote wawili wakapoteza kusikia. Ugonjwa huo unaendelea kuziba masikio ya watoto wa Afrika mpaka leo. Shule ya watoto weusi wasiosikia huko kwao haikumfikisha mbali, akamaliza sekondari kwa masomo ya posta. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii ya Gallaudet, chuo cha watu wasiosikia kilichoko Washington. Mwaka uliofuata akapata digrii nyingine, ya ualimu, huko Michigan.

Ndipo akaja Afrika. Mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, alianza kufundisha Accra katika vyumba vya kuazima, baada ya wanafunzi wa kawaida kurudi nyumbani. Mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa amefungua shule zaidi ya 30 katika nchi 13, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikiwa ndani.

Mtu mmoja hawezi kuendesha shule 30. Kwa hiyo Foster alianzisha mafunzo ya walimu huko Ibadan, Nigeria. Waafrika walifika kutoka nchi mbalimbali, wengine wao wenyewe hawasikii, wakajifunza lugha ya ishara na namna ya kufundisha, kisha wakarudi kwao kushika madarasa. Ndiyo maana lugha ya ishara ya shule nyingi za nchi zetu zinazotumia Kifaransa ina mizizi ya Marekani.

Foster alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege ndogo, hapa jirani Rwanda. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 3 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye kuishi na ulemavu. Ni tarehe zilizokutana tu, lakini walimu wengi wanazikumbuka pamoja.

Je, mwalimu huyo anapashwa kujua nini? Kwanza ualimu wenyewe. Kwetu, hiyo ni diploma ya Leta katika pédagogie. Juu yake anaongeza lugha ya ishara. Anajua kutofautisha mtoto asiyesikia kabisa na yule anayesikia kidogo, ambaye pengine anahitaji tu kukaa mbele na kuona mdomo wa mwalimu. Anajua kumfundisha mama na baba ishara, ili mtoto asiwe bubu nyumbani kwake. Kwa mtoto asiyeona, mwalimu anahitaji maandishi ya Braille, yenye nukta sita zinazosomwa kwa vidole.

Jirani zetu walijenga vyuo vya kazi hiyo. Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalum, KISE, mwaka 1986. Tanzania ina chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Vyuo hivyo vinaandaa walimu kwa watoto wenye mahitaji mbalimbali.

Kwetu Kongo, sheria haikosekani. Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ya bure, na kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nzima juu ya haki zao. Lakini karatasi haifundishi mtoto. Foster alielewa mapema kwamba shule bila mwalimu aliyeandaliwa ni kuta tu.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, wenyeji na wahami, mpelekeni mtoto aandikishwe pamoja na wenzake. Mwambieni mkuu wa shule wazi kwamba hasikii au haoni, mkaombe hilo liandikwe. Kamati ya wazazi nayo iulize ofisi ya elimu: ni mwalimu gani wa hapa anaweza kutumwa kujifunza kazi hiyo? Mtoto ambaye jina lake halimo kwenye daftari, hakuna atakayemwombea mwalimu.