Kiswahili katika Historia ya Utafiti: Mfano wa Kituo cha Amani
Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kikaendelezwa na Waingereza. Zao moja tu, muhogo, liliwakutanisha humo wataalamu wa mimea, wa virusi na wa uzalishaji wa mbegu. Mwaka 1936 H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Katika miaka hiyo hiyo muhogo ulichavushwa na mpira wa Ceará, ambao ni wa jamii yake, ili upatikane uzao unaostahimili batobato.

Sisi tunaochunguza lugha, hata hivyo, huvutwa zaidi na kazi nyingine ya Amani: kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Humo Kiswahili hutangulia, kikifuatwa na jina la kibotania, kisha la Kiingereza. Mpangilio huo unakiri kwamba mwanasayansi alianzia kwa mwanakijiji. Alichomrudishia ni suala jingine: ripoti ziliandikwa kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza. Kiswahili kilitoa majina, hakikupewa maelezo.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi, basi, zilikuwapo. Shule za sekondari za Tanzania ziliendelea kufundisha masomo hayo kwa Kiingereza, na mkulima anayeng'oa muhogo uliooza kwa michirizi bado humngoja afisa ugani amfasirie kilichoandikwa juu ya shamba lake.