Rehani: hatima yake nyumba inapopigwa mnada

Rehani (nomino, ngeli ya I-ZI) ni mali ambayo mdaiwa huikabidhi kwa mdai, au huifunga kwa ajili yake katika sajili ya ardhi, ili iwe kinga ya deni. Asili yake ni neno la Kiarabu *rahn*. Halina udugu na *mrehani*, mmea wenye majani yanayonukia. Vitenzi vinavyoandamana nalo ni *weka*, *komboa* na, katika shughuli za benki, *sajili*.

Utata wa matumizi hujitokeza nyumba moja inapobeba rehani mbili au zaidi. Husikika ikisemwa kwamba mnada "umefuta madeni yote". Kauli hiyo huchanganya rehani, ambayo imeshikamana na ardhi, na deni, ambalo limeshikamana na mtu.

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huzipa rehani zilizosajiliwa nafasi kwa kufuata mpangilio wa kusajiliwa kwake. Mwenye rehani ya kwanza akiuza, rehani ya pili hutoka kwenye ardhi na kuhamia kwenye fedha za mauzo. Fedha hizo hulipa kodi na ada za ardhi, kisha gharama za mnada, kisha deni la aliyeuza, ndipo zifuate rehani za baadaye kwa zamu. Salio, likiwapo, ni la mwenye nyumba. Akiuza mwenye rehani ya pili, hali ni nyingine kabisa: haki ya wa kwanza haipungui. Ama hulipwa kabla yake, ama rehani yake hubaki juu ya ardhi, na mnunuzi asiyepekua sajili hujikuta amenunua nyumba pamoja na mzigo wa mwenzake.

Tuseme mwenye rehani ya kwanza ameuza nyumba kwa shilingi 6,000,000. Kodi na gharama ni 500,000, deni lake ni 4,500,000, na la mwenye rehani ya pili ni 2,000,000. Huyu wa pili atapata 1,000,000 tu. Rehani yake imekwisha. Deni la 1,000,000 lililosalia lingalipo, na aweza kumshtaki mkopaji ili alipwe, ila hana tena nyumba ya kushikilia.

Kwa hiyo, *Rehani ya pili imeondolewa kwa mnada* ni sentensi sahihi. *Deni la pili limeondolewa kwa mnada* si sahihi, na kwa aliyekwisha kupoteza nyumba, kosa hilo si la sarufi tu.