Sekunde Saba za Gregory Coleman

Mjomba wangu alipiga tumba katika bendi ya dansi kwa miaka mingi, na alipostaafu aliniachia kaseti moja ya mazoezi. Nami, ambaye riziki yangu ni kutengeneza muziki kwa kompyuta, niliiingiza sauti ya kaseti ile katika sampla, yaani programu inayohifadhi sauti ili zipigwe upya kwa vitufe vya kinanda. Nikachagua mapigo ya sekunde chache, nikayakata.

Ndugu msomaji, kazi hii ni nyepesi kuliko unavyodhani. Kila mkono unapogonga ngozi, wimbi la sauti huruka ghafla. Programu huitafuta miruko hiyo na kukata hapo hapo, kisha kila kipande hupewa kitufe chake. Ukitaka mwendo wa haraka, vipande husogezwa vikaribiane, na sauti yenyewe haipandi. Hapo awali, ukiharakisha sauti uliyoinakili, ngoma nzito ililia kama kopo. Mwaka 1994 kampuni ya Propellerhead ya Sweden ilitoa programu ya ReCycle, iliyoirahisisha sana kazi hiyo.

Lakini watu walikuwa wakikata kabla ya hapo. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilitoa santuri ya "Color Him Father", na upande wa pili likaweka "Amen, Brother". Katikati ya wimbo huo wa pili wenzake wananyamaza, na Gregory Coleman anapiga dramu peke yake kwa muda wa sekunde saba hivi. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa hip hop walizinakili sekunde hizo, N.W.A walizitumia katika "Straight Outta Compton" mwaka 1988. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Uingereza walizikata vipande vipande, wakavipanga upya kwa kasi kubwa, na muziki uitwao jungle ukasimama juu yake.

Coleman hakulipwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Mwaka 2015 mashabiki wa Uingereza walichanga pauni 24,000 wakampa Richard Spencer, aliyekuwa kiongozi wa kundi. Mpigaji mwenyewe alikuwa kaburini miaka tisa.

Habari hizi nilizijua. Niliwasimulia vijana studioni, tena kwa masikitiko. Hata hivyo mapigo ya mjomba niliyauza kwa mwimbaji mmoja, nikasahau.

Siku moja tukiwa harusini wimbo ule ukapigwa. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu. Vipande vilikuwa vimebadilishwa mpangilio na mwendo umeharakishwa, nikajua hatatambua. Akainua kichwa, vidole vyake vikaanza kugonga meza.

"Mjomba," akaniambia, "hiyo mikono naifahamu."

Nikakosa la kusema.

Kesho yake nilimpelekea nusu ya fedha nilizolipwa. Alizipokea, akazihesabu taratibu, kisha akauliza jina lake limeandikwa wapi. Halikuwa limeandikwa popote. Tangu hapo nimeliandika katika kila nakala ninayotoa; zile za kwanza zingali zikipigwa maharusini, na mwenyewe hatajwi.