Siku Tatu Majini

Wazee wa kwetu Mabamba walipanda muhogo mchungu kwa kusudi. Nguruwe pori na nyani hawauvamii kama ule mtamu, wala mwizi hawezi kuung'oa usiku akautafuna njiani. Waingereza nao, walipoitawala Tanganyika, walihimiza muhogo uwe akiba ya njaa. Kuuondoa uchungu, hiyo ilibaki kazi ya akina mama.

Bibi yangu aliuvundika kijitoni. Aliumenya, akautosa, akaukandamiza kwa mawe usielee. Siku ya tatu alibonyeza kwa kidole gumba. Kikizama kama kwenye embe bivu, na ule uzi mgumu wa katikati ukichomoka mzima, aliutoa akaukamua na kuuanika mwambani. Kikigoma, ulirudi majini, hata kama watoto tunalia njaa.

Nilikuja kufundisha biolojia, ndipo nikaelewa ukali wake. Ndani ya muhogo sumu imefungwa katika linamarini, na kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, kimetengwa nayo. Muhogo ukilainika seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sayanidi hutoka ikaenda na maji na hewa. Masalia hushughulikiwa na mwili. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi, alichokieleza Mjerumani Konrad Lang mwaka 1933, huibandika sayanidi salfa, ikawa thiosayaneti na kutoka kwa mkojo. Salfa hiyo mwili huipata kwenye protini. Maharage na dagaa pembeni ya ugali wa bibi, basi, vilikuwa sehemu ya kinga.

Kinga hiyo ikivunjika, miguu hukakamaa ghafla na haiponi tena. Ugonjwa huo, konzo, daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Kwetu Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985: ukame, muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, kitoweo hakuna. Watafiti walikuta wagonjwa 39. Lakini kinachoniuma zaidi ni habari ya Bandundu, Kongo. Kule haikuwa ukame. Barabara ya lami ya Kinshasa ilileta wanunuzi, na siku tatu za kuvundika zikapunguzwa hadi moja.

Rodanesi yenyewe bado inachunguzwa. Mwaka 2016 Nicholas Morton wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walichapisha habari za panya waliobadilishwa jeni. Walioongezewa kimeng'enya hicho katika seli za mafuta walikingwa na unene na kisukari. Waliofutiwa jeni yake, kisukari chao kilikuwa kikali zaidi. Kumbe kinazilinda seli hata pasipo muhogo.

Katika soko letu la mpakani na Burundi, wanunuzi huuliza bei na weupe wa unga. Mimi huuliza, "Mama, umelala majini siku ngapi?" Akisita, sinunui.