Modeli ya Short 827

Modeli ya Short 827 ni mfano mdogo, uliojengwa kwa uwiano maalumu, wa ndege ya majini ambayo Wabelgiji waliirusha katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Ndege hii, au ndeke kama wengi wasemavyo mashariki ya Kongo, ni ya mabawa pacha, yaani ina mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine na kushikizwa kwa nguzo na waya.

Ndege yenyewe

Short 827 iliundwa Uingereza na kampuni ya Short kwa ajili ya jeshi la wanamaji. Ilibeba watu 2, injini yake ya Sunbeam Nubian ilikuwa na nguvu ya farasi 150, na badala ya magurudumu ilikuwa na maboya, ambayo ni vyombo vya mbao vilivyofungwa ndani yake hewa ili ndege ielee. Ndege 4 za aina hiyo ziliazimwa kwa Wabelgiji, zikasafirishwa vipande vipande kwa meli, reli na mashua kuvuka Kongo, kisha zikaunganishwa Mtoa, karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walishambulia kwa mabomu bandari ya Kigoma, ilimokuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe kabla ya kuondoka. Baadaye iliopolewa, na tangu mwaka 1927 imejulikana kama Liemba. Behaeghe alifariki Niemba mnamo Desemba 1916.

Vipimo na malighafi

Upana wa mabawa ulikuwa mita 16.43 na urefu wa ndege mita 10.74. Katika uwiano wa 1:48, ambao ndio unaompa fundi nafasi ya kutosha kuonyesha waya, modeli hufikia upana wa sentimita 34.2 na urefu wa sentimita 22.4. Pasipo mbao za balsa, kama ilivyo katika mji wa Mongbwalu mashariki ya Kongo, parasolia, yaani mti mwepesi unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa msituni, hufaa kwa kiwiliwili na maboya, kiini cha ubua wa kuti la mwale hufaa kwa mabawa, na mianzi iliyochongwa vyembamba hufaa kwa nguzo, kwa kuwa haipindi upesi.

Mabawa na waya

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Bawa la juu la Short 827 ni refu kuliko la chini, kwa hiyo mafundi wanaochonga mawili yaliyo sawa hupata ndege nyingine kabisa. Bawa la chini hugundishwa kwanza, nguzo husimamishwa zikiwa zimeshikiliwa na kiunzi cha kadibodi kilichokatwa kwa pembe sahihi, na bawa la juu huwekwa mwisho, baada ya gundi kukauka usiku kucha. Kisha hufuata waya, ambazo ni za namna mbili: zile zinazozuia mabawa yasiinuke ndege ikiwa angani, na zile zinazoyazuia yasilegee inapokuwa imetulia. Uzi wa shaba unaofunguliwa kutoka kwenye mota iliyoungua, ukinyooshwa kwa kuviringishwa kati ya vibao viwili, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko uzi wa kushonea, ambao huota manyoya yanayoonekana kama kamba ya ng'ombe mara tu unapopakwa rangi.

Rangi

Mabawa ya ndege za wakati ule yalifunikwa kwa kitani, kikapakwa vanishi ya selulosi iliyokikaza na kukipa rangi ya siagi iliyopauka. Kitani hicho kilipitisha mwanga, hata mbavu za bawa zikaonekana kwa chini kama vivuli. Rangi nzito ya tabaka moja huua sifa hiyo, ilhali matabaka 3 au 4 mepesi, yaliyochanganywa na nyeupe kidogo kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa, huihifadhi.

Alama za mabawani zinahitaji hadhari zaidi. Duara la Ubelgiji lina nyeusi katikati, kisha njano, kisha nyekundu. La Uingereza lina nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha buluu. Filamu nyingi za zama hizo zilionyesha nyekundu na njano kuwa nyeusi, na buluu kuwa nyeupe, hivyo katika picha duara la Ubelgiji huweza kuonekana kama doa moja jeusi, na buluu ya Uingereza kufifia karibu na nyeupe. Fundi anayenakili picha kwa macho tu hupaka kosa la kamera.

Matumizi

Modeli hutumika kama pambo na kufundishia historia. Anayetaka kuiweka kando ya Graf von Götzen hulazimika kushuka hadi uwiano wa 1:72, ambapo ndege huwa na upana wa sentimita 23 hivi, na meli, ambayo ina urefu wa karibu mita 71, hudai meza ya mita nzima.